Kamera ya Nyuma kwa Gari la Zamani: Uchambuzi wa Chaguo Nafuu kwa Madereva wa Singida

Miongoni mwa mambo ambayo mwenye gari la zamani mkoani Singida hujiuliza siku hizi, baada ya kwisha habari ya matairi, oili na bima, ni hili la kufunga kamera ya nyuma: je, ipo haja ya kitu hicho katika gari lililoundwa miaka ishirini au zaidi iliyopita, na kama ipo, ni ipi imfaayo mtu asiye na fedha ya kupoteza? Swali hili aghalabu hujibiwa na muuzaji dukani, naye muuzaji hutaja bei na ukubwa wa kioo, akaishia hapo, ilhali mambo yanayoamua kama kifaa kitadumu au kitazimika kabla ya masika kwisha hayamo katika bei wala katika ukubwa wa kioo. Azma ya makala haya ni kulichambua swali hilo kwa upana wake, na rai yangu naitanguliza ili msomaji aipime tangu mwanzo: unafuu wa kamera umo katika kulingana kwake na gari lenyewe, na vumbi la njia zetu, na jua letu, na ufundi wa aliyeziunga waya zake.

Haja yenyewe haina sababu ya kutafutiwa ushahidi mbali. Magari yaliyo mengi katika barabara za Singida ni yale yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuvuka bahari: Corolla 110, Carina TI, IST, Probox, Noah, Hiace na pikapu za kila namna, nayo hayachukui abiria tu, bali hupakia magunia ya alizeti na vitunguu, na matenga ya kuku wa kienyeji, hata shehena ikafika darini na kioo cha nyuma kikazibwa kabisa, na kioo cha kati kikabaki hakina la kuonyesha. Tia juu ya hayo maumbile ya mji na vijiji, ambamo nyumba nyingi zimejengwa kandokando ya majabali, na jiwe lililochomoza nusu mita tu nyuma ya bampa halionekani na dereva aliyeketi. Tia siku za mnada, watu na mifugo wanapopita kila upande bila kungoja zamu. Tia pia watoto, ambao gari likisimama uani saa ya jua kali, kivuli chake ndicho mahali pao pa kuchezea. Katika malori na mabasi kazi ya kuangalia nyuma ni ya utingo, ambaye hushuka, akasimama pale anapoonekana kwenye kioo cha pembeni, akaita, “Njoo, njoo, njoo!” kisha akapiga bodi kwa kiganja kuashiria “Basi!”, lakini mwenye Probox aliye peke yake saa kumi na moja alfajiri hana utingo.

Duniani, mas'ala haya yaliingia katika sheria kwa njia ya msiba. Mwaka 2002, huko Long Island katika jimbo la New York, mtoto wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, aliuawa na gari lililokuwa likirudishwa nyuma nyumbani kwao, na aliyekuwa kwenye usukani ni baba yake mzazi. Bunge la Marekani likapitisha sheria yenye jina la mtoto huyo, ikatiwa saini Februari 2008, na kanuni zilizotokana nayo zikaamuru kwamba kila gari jipya la uzani mdogo linaloundwa tangu tarehe 1 Mei 2018 liwe na kamera ya nyuma. Idara ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilikadiria kwamba ajali za namna hii ziliua watu wapatao 210 kila mwaka na kujeruhi wapatao 15,000, na kwamba karibu theluthi moja ya waliokufa walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Japani nayo ilianza Mei 2022 kulazimisha kifaa cha kuonea nyuma kwa matoleo mapya ya magari. Magari yanayotuhusu sisi yaliundwa kabla ya amri hizo, kwa hiyo wajibu ambao huko umebebwa na kiwanda, huku umemwangukia mwenye gari na fundi wake. Hata hivyo, kanuni ya Marekani imetuachia vipimo viwili ambavyo kila mtu aweza kuvitumia bila gharama: kwanza, kamera ionyeshe eneo la nyuma lenye upana wa mita 3 hivi na urefu wa mita 6 hivi, pili, picha itokee ndani ya sekunde 2 tangu gia ya rivasi kuingia. Kila kifaa tutakachokitaja hapa chini tutakipima kwa mizani hiyo.

Wazo la kutazama nyuma kwa kamera si geni kama linavyodhaniwa. Gari la maonyesho la General Motors, Buick Centurion, lilitokea mwaka 1956 likiwa na kamera ya televisheni nyuma badala ya kioo, na Toyota iliuza Soarer yenye kamera ya nyuma nchini Japani mwaka 1991. Nalitaja hili kwa sababu moja ya manufaa: katika magari ya Kijapani yaliyoingia nchini, yako ambayo tayari yana kamera ya asili, wala mwenyewe hana habari, kwa kuwa redio yake imeandikwa Kijapani, inadai diski ya ramani isiyokuwapo, na haijawahi kufanya kazi tangu gari liliposhuka bandarini. Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi moja, mtu na achuchumae nyuma ya gari lake, aangalie juu ya kibao cha namba na chini ya mshikio wa buti, kama lipo jicho dogo jeusi la kioo. Likiwapo, fundi aweza kuliunga na redio mpya kwa waya maalumu ya kuunganishia. Ila tahadhari ni lazima, maana baadhi ya kamera za asili za Toyota hutumia umeme wa volti 6, na mtu akizitia volti 12 za taa ya rivasi moja kwa moja, ameziunguza.

Kwa gari lisilo na kamera, jambo la kwanza la kuamua ni kioo cha kutazamia, kwa kuwa ndicho kinachochukua sehemu kubwa ya gharama na ndicho kinachoamua mengine. Njia zipo nne. Ya kwanza ni kioo cha kati chenye skrini ndani yake, aghalabu ya inchi 4.3, ambacho hufungwa kwa mipira juu ya kioo cha asili. Gari likienda mbele hicho ni kioo cha kawaida, na rivasi ikiingia picha hujitokeza pale pale ambapo macho ya dereva yamezoea kwenda. Ya pili ni skrini ndogo ya kubandika juu ya dashibodi, inchi 4.3 au 5. Ya tatu ni redio ya Android ya inchi 7, 9 au 10, ambayo huongeza muziki, ramani na simu. Ya nne ni kamera inayotuma picha kwenye simu ya mkononi kwa Wi-Fi.

Ukizipima njia hizo kwa mazingira yetu, tofauti zake hudhihirika upesi. Ile ya simu haifai, kwa kuwa dereva hana budi kwanza kufungua programu, kisha kungoja simu iungane na kamera, na picha yenyewe huchelewa nyuma ya tukio. Kwa kipimo cha sekunde 2, imekwisha kushindwa. Redio ya Android ni nzuri kwa mtu ambaye angenunua redio hata kama kamera isingekuwapo, lakini zile za bei ya chini aghalabu huchukua muda mrefu kuwaka baada ya swichi kufunguliwa, na hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kurudi nyuma kwa mara ya kwanza asubuhi, gari likiwa limelala uani na hakuna ajuaye nini kimekaa nyuma yake. Anayechagua redio na aombe iwashwe mbele yake ikiwa baridi, kisha rivasi itiwe papo hapo, aone kama picha yatangulia au yangoja. Skrini ya dashibodi hukabiliwa na adui wawili hapa kwetu: mwanga wa mchana unaoifuta picha, na joto linalolainisha gundi hata skrini ikaanguka miguuni; atakayeichagua na aifunge kwa skrubu, tena chini ya kivuli cha dashibodi. Kioo cha kati chenye skrini ndicho kinachobaki na kasoro chache: kiko mbali na jua la moja kwa moja, huwaka upesi, hakimlazimishi mtu kukata dashibodi ya zamani iliyokwisha kukauka, na gari likiuzwa huvuliwa likabaki kama lilivyokuwa.

Kuhusu kamera yenyewe, maneno yaliyoandikwa kwenye boksi ni mengi kuliko manufaa yake. La muhimu ni kwamba kamera na skrini zielewane. Skrini nyingi za bei nafuu hupokea picha ya kawaida ya analogia kwa plagi ya duara ya njano, ilhali baadhi ya kamera mpya hutoa picha ya AHD iliyo safi zaidi. Ukiunga kamera ya AHD na skrini ya kawaida hupati picha, na fedha imekwenda bure. Vivyo hivyo kuna mifumo miwili ya zamani, PAL na NTSC, ambayo ikitofautiana kati ya kamera na skrini isiyojua kubadilika, picha huja bila rangi au huteremka bila kutulia. Kwa hiyo kununua kamera na skrini kwa pamoja, katika seti moja, ni salama kuliko kuokoteza hiki kwa huyu na kile kwa yule. Na muuzaji mwaminifu hatakataa kuziwasha zote kwa betri hapo kaunta kabla ya kupokea malipo.

Upana wa jicho nao husifiwa kupita kiasi. Kamera zenye kudai nyuzi 170 huonyesha pembe zote, lakini huvisogeza vitu mbali hata ukuta ulio mita 1 ukaonekana uko mita 2 au 3, na dereva asiyezoea akaufuata mpaka akaugonga. Jicho la nyuzi 120 hadi 150 hivi latosha kulitimiza lile eneo la mita 3 kwa 6, nalo halidanganyi sana. Mistari ya kijani, njano na nyekundu inayochorwa juu ya picha haijui kamera imefungwa kimo gani. Hivyo baada ya kufunga, mtu aweke mawe nyuma ya bampa, moja kwa mita 1, jingine kwa mita 2, la tatu kwa mita 3, ajifunze kila moja laangukia wapi kwenye skrini, na hapo mistari hiyo ndipo itakapokuwa na maana. Nayo picha sharti igeuzwe kama kioo kigeuzavyo, ili kilichoko upande wa kulia kionekane kulia. Kamera nyingi zina vitanzi vidogo vya waya vya kukata ili kugeuza picha au kuondoa mistari, na kwa kuwa rangi za vitanzi hivyo hutofautiana toleo kwa toleo, karatasi isomwe kabla ya mkasi kushikwa.

Ama habari ya usiku, wauzaji husifu kamera zenye vitaa vidogo kuzunguka jicho. Mwanga wa vitaa hivyo haufiki mbali. Kinachomulika nyuma ya gari ni taa ya rivasi, na katika magari ya zamani taa hii mara nyingi imeungua, au kava lake limekuwa la manjano kwa jua na vumbi. Balbu mpya ya wati 21 na kava lililosuguliwa likang'aa humpa dereva picha bora ya usiku kuliko fedha anayoongeza kwa kamera ya daraja la juu.

Sasa tuje kwenye vumbi, ambalo ndilo kiini cha kadhia hii katika mkoa wetu. Barabara kuu za kwenda Dodoma, Babati na Nzega zina lami, lakini atokaye humo akaingia njia za vijijini za Ikungi, Mkalama, Iramba au Itigi wakati wa kiangazi, ajua jinsi wingu linavyolifuata gari. Kamera nzuri huandikwa IP67 au IP68: tarakimu ya kwanza, 6, yasema vumbi halipenyi kabisa, ya pili, 7, yasema kifaa chaweza kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa nusu saa. Lakini kuandika tarakimu ni rahisi, na mnunuzi aliye makini hutazama pia mwili wa kamera kama ni wa chuma, mahali waya inapotokea kama pamejazwa gundi ngumu, na kioo cha jicho kama kimekaa bila ufa pembeni. Hata hivyo, vumbi linaloziba picha halipenyi ndani; hukaa juu ya jicho. Gari lenye mgongo wa wima, kama Noah au Probox, huacha nyuma yake ombwe la hewa linalovuta vumbi na kulipaka mgongoni. Kwa sababu hiyo kamera ifungwe chini ya ukingo wa taa ya kibao, mahali penye kificho, au juu kabisa ya mlango wa nyuma kwa Hiace. Wala si kwenye bampa, ambako tope la masika na mawe ya njiani huifikia kwanza. Ziko kamera zilizotengenezwa ndani ya fremu ya kibao cha namba, lakini nyingi zimekatwa kwa vipimo vya Marekani, sentimita 30 kwa 15 hivi, na huishia kupotoka au kufunika namba, jambo ambalo askari wa usalama barabarani hatalivumilia. Na jicho likichafuka, limwagiwe maji kwanza ndipo lipanguswe kwa kitambaa laini, maana vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ukisuguliwa mkavu hukwaruza kioo daima.

Kuhusu waya au bila waya, hukumu yangu ni ya wazi: waya. Kamera ziitwazo za bila waya bado huhitaji umeme kutoka taa ya rivasi, hivyo kinachookolewa ni waya mmoja tu. Na zile za bei ya chini hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth, hata picha ikarukaruka gari linapofika penye vifaa vingi. Zinafaa kwa trela pekee. Waya wa mita 6 unaokuja ndani ya boksi hutosha Corolla au IST; kwa Hiace na lori mnunuzi aulize mrefu zaidi. Na mwenye Fuso au lori lolote la volti 24 asikubali kamera iliyoandikwa volti 12 peke yake.

Kisha ni kazi ya fundi umeme, na hapa ndipo vifaa vingi vizuri hufia. Fundi ajuaye kazi huanza kwa kutia swichi na gia ya rivasi bila kuwasha injini, kisha akafungua kava la taa ya nyuma na kugusa soketi kwa taa yake ya kupimia. Isipowaka, haendelei kufunga kitu; huenda kwenye ule mpira wenye mikunjo unaopitisha waya kutoka bodi kwenda mlango wa nyuma, akauvuta nje taratibu, na katika Probox na Noah zilizofunguliwa na kufungwa milango maelfu ya mara, si nadra akute humo waya mbili tatu zimekatika ndani ya ganda lake, shaba imegeuka kijani. Huunganisha kwa risasi na kufunika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto, wala hasokoti waya na kuzungushia gundi ya karatasi. Hutia fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2 kwenye waya mwekundu. Na waya mweusi huufunga kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu, kwani erthi mbovu ndiyo iletayo ile michirizi inayotambaa kwenye picha injini inapounguruma. Kazi hii ya saa chache ndiyo aula kulipiwa vizuri, na atakayeidunisha atakuja kuilipia mara ya pili.

Lipo pia swali la njia mbadala. Sensa za kulia mlio, nne kwa kawaida, hufungwa katika matundu yanayotobolewa kwenye bampa. Hujua ukuta, lakini nguzo nyembamba na jiwe lililo chini huweza kuzipita, na bampa la chuma la pikapu haliafikiani nazo vizuri. Njia iliyo rahisi kuliko zote imesahaulika: Noah na Hiace nyingi zilitoka Japani zikiwa na kioo kidogo cha mbinuko juu ya mlango wa nyuma, kinachomwonyesha dereva sehemu ya chini nyuma ya bampa bila umeme wowote. Kama kimevunjika, kirudishwe. Kama kimefifia, kisafishwe. Ila mzigo ukijaa mpaka juu, hicho nacho hakionekani, na kamera ndiyo inayobaki.

Kwa muhtasari, basi, mwenye gari dogo la zamani na fedha chache na anunue seti moja ya waya: kioo cha kati chenye skrini ya inchi 4.3, pamoja na kamera ya kawaida yenye mwili wa chuma na jicho la nyuzi 120 hadi 150. Abadilishe balbu za rivasi. Na kilichobaki akiweke kwenye ufundi. Mwenye haja ya redio na achukue redio, kwa sharti la picha kutangulia. Mwenye lori atafute volti 24 na waya mrefu. Na kila mmoja, baada ya kufungiwa, apange madumu ya maji katika pembe za eneo la mita 3 kwa 6 nyuma ya gari, aketi kwenye usukani, ahakikishe anayaona yote. Asipoyaona, amrudie fundi kabla ya kumlipa salio.

Baada ya hayo yote, dhamana ya chombo haihamii kwenye kamera. Jicho likifunikwa na tope halimwambii dereva kwamba limefunikwa, wala halioni kilichojilaza chini ya gari kati ya magurudumu. Kwa hiyo nawaomba madereva wenzangu wa Singida, wa Noah na wa Probox, wa taksi na wa mizigo: funga kamera ukiweza, lakini kabla ya kutia rivasi pale walipo watoto, shuka, zunguka gari lako lote, na umtoe kila aliye kivulini.